Waya wa Shaba Ukikatwa, Dhamana Abebe Nani?

Hoja: Biashara ambazo bado zina simu za waya wa shaba ziuache sasa kwa hiari yao, zisingoje kuachwa.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Naunga mkono. Kazi yangu ni kuingia kwenye ofisi, hoteli na maghala ya Dar es Salaam na kuwasaidia wenyewe kuhama kutoka kwenye shaba. Ninachokikuta hakitofautiani sana: nyaya zilizofukiwa enzi nyingine, viungio vilivyoingia maji, kabineti za barabarani zisizo na kufuli. Masika yakianza, simu zinakoroma. Chumvi ya pwani inamalizia kilichobakishwa na mvua. Na mwizi halali: Mei 2024 bei ya shaba kwenye soko la London ilivuka dola 11,000 kwa tani, na anayefukua chemba usiku anaijua bei hiyo kuliko anayelipia laini. Ukingoja, utahama siku waya umeibwa, na siku hiyo huchagui, unachukua kilichopo.

FUNDI MSTAAFU: Napinga, na ninachokipinga hasa ni hilo neno "sasa". Nilianza kazi Posta na Simu, kabla shirika halijagawanywa mwaka 1993. Wengi wanaouza mbadala wa shaba hawajawahi kuona kilichokuwa nyuma yake. Mtambo wetu ulimpelekea kila mteja volti 48 kupitia jozi ileile ya nyaya iliyobeba sauti. Nyuma ya mtambo kulikuwa na chumba cha betri, na nyuma ya betri jenereta. Mtaa mzima ukiingia gizani, simu ya mezani iliendelea kuita. Mteja hakununua betri. Wengine hata hawakujua kama ipo. Ilikuwa kazi yetu sisi. Ukimng'olea waya huo, unamtwisha kazi ambayo hakuwa nayo, na kwenye karatasi yako ya bei, binti, sijaiona.

MENEJA WA HOTELI: Na anayetwishwa ni mimi. Nina jengo la ghorofa sita lenye lifti, kengele ya moto, vyumba arobaini vyenye simu, na laini kumi na mbili ninazozilipia kila mwezi. Historia naiheshimu, mzee wangu, na bei ya London nimeisikia. Ninachotaka kujua ni kimoja: nikisaini mkataba wa binti huyu, mgeni akikwama kwenye lifti saa nane za usiku na umeme hakuna, atasikika au hatasikika?

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Mimi nashangaa mnavyogombania maiti. Dukani kwangu hakuna simu ya mezani na sijakosa mteja. Oda za Lubumbashi na Lusaka zinaingia kwa WhatsApp, malipo yanakuja kwa Lipa Namba, hata mashine ya EFD inapeleka taarifa TRA kwa laini ya mkononi. Simu ya waya imebaki kuwa pambo la ofisi za serikali na mahoteli. Kuhama kutoka waya mmoja kwenda waya mwingine ni kujisumbua. Tupeni nyaya zote.

MENEJA WA HOTELI: Duka lako ni wewe, kaka. Ukiamka, duka limeamka. Kwangu wapokezi wanabadilika. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila laini ya mkononi ina kidole cha mtu. Mpokezi akiondoka na laini yake, ameondoka na wageni wangu. Namba yangu inaanza na 022. Imechapwa kwenye mikataba na kwenye vipeperushi vya mawakala wa safari huko Ulaya. Haina kidole cha mtu yeyote.

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Sajili kwa jina la kampuni. Inaruhusiwa.

MENEJA WA HOTELI: Inaruhusiwa, na itabaki kuwa simu moja mkononi mwa mtu mmoja. Basi la watalii likichelewa, watu kumi wanapiga kwa mkupuo. Mmoja anapokelewa, tisa wanaambiwa namba inatumika.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Mama amegusa penyewe. Simu ya waya ya ofisi ilikuwa inafanya kazi tatu: kutoa namba isiyo ya mtu, kupokea wengi kwa namba moja, na kuita msaada siku ya dharura. Mbili za kwanza simu ya intaneti inazifanya kuliko shaba. Mazungumzo ya mtu mmoja yanahitaji kama kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Watu kumi wakiongea kwa pamoja ni kama megabiti moja. Faiba moja inabeba laini zako zote kumi na mbili, hata ishirini au hamsini. Ukitaka kuongeza wakati wa msimu wa watalii, hachimbi mtu barabara. Ila kabla ya kufika huko, mama, nikuulize: hizo laini kumi na mbili, unajua kila moja inaishia wapi?

MENEJA WA HOTELI: Nane ziko kwenye swichibodi. Moja ya faksi, moja ya kengele ya moto, moja ya lifti.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Hizo ni kumi na moja.

MENEJA WA HOTELI: Ya kumi na mbili mhasibu anailipia tu.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Karibu kila ofisi ya zamani ina laini ya namna hiyo. Ndiyo maana kazi yangu haianzi na faiba, inaanza na ankara. Tunachukua orodha ya laini zinazolipiwa, tunashika simu ya fundi mkononi, tunapiga namba moja baada ya nyingine na kufuata inakoita. Nyingine haiiti popote, na hapo umeokoa pesa bila kununua kitu. Nyingine unaikuta imejificha nyuma ya kabati, imefungwa kwenye mashine ambayo hakuna aliye kazini leo anayeikumbuka.

FUNDI MSTAAFU: Hapo tuko pamoja, na niongeze: laini usiyoijua ndiyo ya kuogopa kuikata. Nimewahi kuona nyaya zinazoitwa mfu kumbe zimeshika pampu au kengele. Lakini tuje kwenye hiyo kazi ya tatu uliyoipitia mbio, ya dharura. Kengele ya moto ya zamani haizungumzi kama mtu. Inapiga simu yenyewe na kutuma milio, kila mlio na maana yake, kwa mpangilio wa kasi. Shaba ilipitisha milio hiyo kama ilivyo. Simu ya intaneti inaikata sauti vipande, pengine inaibana ili kuokoa nafasi, na kipande kimoja kikichelewa sikio la binadamu linasamehe. Mashine haisamehe. Faksi nayo ni hivyohivyo: ukurasa wa kwanza unafika, wa tatu unakatika katikati.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Kwa faksi kuna utaratibu uliowekwa tangu miaka ya 1990, unaitwa T.38, na mahali pengi tunaiondoa faksi yenyewe, tunaskani na kutuma kwa barua pepe. Kwa kengele na lifti, mzee, mimi sipitishi milio juu ya intaneti kabisa. Tunafunga kifaa chenye njia mbili: faiba, na laini za mkononi za kampuni mbili tofauti. Njia moja ikifa kinahamia nyingine. Na kinajipima chenyewe mara kwa mara na kutoa taarifa kikikosa njia. Shaba haijawahi kukupigia kukwambia kwamba imekatika. Unagundua siku unayoihitaji.

FUNDI MSTAAFU: Laini za mkononi za kizazi gani? Marekani walikuwa na washauri kama wewe. Waliwaondoa wateja kwenye shaba, wakawafungia vifaa vya 3G kwenye kengele za moto na za wezi. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu kule zikazima 3G. Wenye vifaa wakaambiwa wanunue vingine. Shaba uliyoitukana ilikaa ardhini miongo, na simu ya zamani kuliko wewe ukiichomeka leo kwenye jozi nzima, inaita.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Ukiichomeka kwenye jozi nzima. Hiyo jozi nzima iko wapi? Simtetei aliyefunga 3G wakati kila mtu alijua inaelekea kuzimwa. Mkataba mzuri unataja 4G, tena 4G inayobeba sauti yenyewe bila kurudi nyuma kwenye 2G. Na unataja ni nani atakayebadilisha kifaa kizazi kikibadilika. Hilo ni swali la mkataba, si sababu ya kubaki kwenye waya unaooza.

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Mikataba, vizazi, milio. Mnaona mzigo ulivyo? Ndiyo maana nasema simu ya mkononi inatosha. Mgeni akikwama kwenye lifti, ana simu mfukoni.

MENEJA WA HOTELI: Ndani ya boksi la chuma, ghorofa ya chini ya ardhi, ana vijiti vingapi vya mtandao? Na mgeni wa jana kutoka Uholanzi, ataijua namba ya mapokezi? Hapana, kaka. Kitufe cha lifti kinabonyezwa na mtu aliyechanganyikiwa. Kinatakiwa kifanye kazi bila yeye kujua chochote. Nirudi kwenye umeme, maana bado sijajibiwa.

FUNDI MSTAAFU: Muulize binti. Kifaa cha faiba ukutani kinakula umeme wako. Ruta inakula umeme wako. Simu mpya za mezani zinakula umeme wako. Faiba ni kioo. Haipitishi umeme hata chembe. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Siku kama hiyo, mfumo wako unakaa hai dakika ngapi?

MSHAURI WA MAWASILIANO: Tupige hesabu. Kifaa cha faiba na ruta kwa pamoja ni kama wati 20. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayouzwa kwa ajili ya kengele za majumbani, ina wati-saa 84. Ukiigawa, kwenye karatasi ni saa nne. Kwa kweli ni pungufu, kwa sababu betri haipaswi kukamuliwa hadi mwisho. Ukitaka usiku mzima, unachukua kubwa zaidi, ya lithiamu ukiweza. Si mlima huo. Hoteli tayari ina jenereta. Kinachotakiwa ni kuziba pengo kati ya umeme kukatika na jenereta kushika, kisha kuwa na akiba kama jenereta itagoma.

FUNDI MSTAAFU: Na betri hiyo baada ya miaka mitatu ya joto la Dar?

MSHAURI WA MAWASILIANO: Inabadilishwa.

FUNDI MSTAAFU: Na nani?

MSHAURI WA MAWASILIANO: Na mwenye jengo, kwa ratiba.

FUNDI MSTAAFU: Umesikia, mama? Zamani lilikuwa shirika, sasa ni mwenye jengo. Waingereza jambo hili liliwaumbua. Novemba 2021 kimbunga Arwen kiliwakatia watu umeme kwa siku kadhaa kaskazini. Machi 2022 kampuni ya BT ikasimamisha kwa muda kuwahamishia wateja wake kwenye simu za intaneti, kwa sababu njia za akiba hazikuwa tayari. Siku ya kuzima mtandao wa zamani wa simu ilikuwa mwishoni mwa 2025. Ikasogezwa hadi 31 Januari 2027. Hao wana umeme usiokatika ovyo, na bado walilazimika kupunguza mwendo. Sisi tunakimbilia nini?

MSHAURI WA MAWASILIANO: Walipunguza mwendo, mzee, hawakugeuza gari. Na wewe unaelezea mtambo wa zamani kana kwamba mama anaongea nao moja kwa moja. Mama, simu za vyumbani zinapitia swichibodi yako. Swichibodi hiyo inatumia umeme wa nani?

MENEJA WA HOTELI: Wangu.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Basi umeme ukikatika leo, na shaba yako ikiwa nzima, vyumba arobaini viko kimya. Volti 48 za mzee zinafika hadi kwenye kabati lako na kuishia hapo. Dhamana anayosema ninakutwisha, sehemu kubwa umeibeba siku zote. Hakuna aliyekwambia.

FUNDI MSTAAFU: Sehemu kubwa, si yote. Swichibodi iliyofungwa na fundi anayejua kazi ina njia ya dharura: umeme ukikata, laini ya kwanza inaruka swichibodi na kwenda moja kwa moja kwenye simu moja ya mapokezi. Na laini ya lifti haikutakiwa kupita swichibodi kabisa. Simu mbili zinabaki hai. Simu mbili hai zinatosha kuita zimamoto.

MENEJA WA HOTELI: Hiyo njia ya dharura ninayo?

FUNDI MSTAAFU: Zima swichi kuu leo usiku, uone.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Jaribio zuri, na ndilo ninalolifanya kwenye mfumo mpya pia, mbele ya mwenye jengo: swichi kuu chini, kisha tunasimama ndani ya lifti tukibonyeza kitufe.

MENEJA WA HOTELI: Na huo mfumo mpya unakaa wapi? Kuna mwingine alikuja na ofa nafuu. Akasema sihitaji mashine hapa, swichibodi nzima itakuwa mtandaoni.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Swali la kumuuliza ni: mtandaoni wapi? Kama kompyuta inayounganisha simu zako iko Ulaya, basi mapokezi akiipigia jiko lililo ghorofa ya chini, maagizo ya simu hiyo yanavuka bahari kwenda na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikapwaya. Mwenye swichibodi ya nje ya nchi siku hiyo angeweza kushindwa kuongea na jikoni kwake. Mwenye swichibodi ndogo ndani ya jengo, au kwenye kituo cha data cha hapa nchini, simu za ndani zisingemsumbua, kwa kuwa njia za ndani, ukiwamo Mkongo wa Taifa, hazitegemei mikongo ya baharini.

MENEJA WA HOTELI: Na Oktoba 2025? Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Wageni walikuwa vyumbani, ndugu zao ughaibuni wanahangaika. Huyu kaka wa WhatsApp aliuza nini siku hizo?

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Siku hizo hakuna aliyefungua duka, mama, mwenye waya na asiye na waya.

MENEJA WA HOTELI: Hoteli haifungi. Mgeni yumo ndani.

FUNDI MSTAAFU: Ndiyo maana nasema mawasiliano yote yasipite kwenye mlango mmoja. Shaba ilikuwa na mtandao wake, intaneti na wake. Mmoja ukianguka, wa pili unasimama. Mnaposema ni "usasa" kuweka sauti, kengele, malipo na kamera juu ya intaneti moja, mimi naona mlango mmoja wenye watu wengi nyuma yake.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Hoja hiyo naikubali kwa asilimia kubwa, na jibu lake ni njia mbili zisizofanana. Siyo shaba. Tena simu ya intaneti si lazima ipite kwenye intaneti ya wote. Kampuni ya simu inaweza kukupa njia ya sauti kwenye faiba yake yenyewe, imetengwa na video za wageni. Hicho ni kipengele cha kudai kwenye mkataba. Kingine cha kudai ni namba fupi. Piga 114 ya zimamoto na 112 ya polisi kutoka kwenye kila aina ya simu siku ya makabidhiano. Swichibodi ya nje ya nchi inaweza isijue 114 ni nini.

FUNDI MSTAAFU: Na zipigwe bila kutanguliza tisa. Mwaka 2013 huko Texas mwanamke alishambuliwa na kuuawa kwenye chumba cha hoteli. Mtoto wake alibonyeza 911 tena na tena, simu haikutoka, kwa sababu swichibodi ilitaka kwanza tarakimu ya kutokea nje. Marekani wakatunga sheria, ikaanza kutumika 2020: simu za ofisi na hoteli ziende 911 moja kwa moja. Mama, kwenye vyumba vyako mgeni anatanguliza nini?

MENEJA WA HOTELI: Tisa.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Kwenye hiyohiyo swichibodi ya shaba. Siipigi vita shaba kwa kuwa ni kuukuu, napigana na ile imani kwamba ya zamani ni salama kwa sababu haijatuletea balaa bado. Kuhama kunakulazimisha ufungue kila kabati. Kukaa hakukulazimishi chochote.

FUNDI MSTAAFU: Kukagua ni kitu kimoja, kuhama ni kingine. Anaweza kukagua bila kuhama. Wewe unaviunganisha kwa kuwa unalipwa kwa cha pili.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Nalipwa kwa vyote viwili, mzee. Cha kwanza ndicho wateja hawapendi kukilipia.

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Mimi nina swali la pesa. Mnasema faiba nafuu. Jirani yangu alifungiwa simu za intaneti. Wikiendi moja wajanja wakaingia kwenye mfumo wake na kupiga simu za nje usiku kucha. Jumatatu anakuta deni. Nani alilipa?

MSHAURI WA MAWASILIANO: Alilipa mwenye mfumo, kwa kawaida ndivyo mikataba inavyosema. Ndiyo maana simu za nje zinafungwa kwa chaguo-msingi, zinafunguliwa kwa anayehitaji, nywila za kiwandani zinabadilishwa siku ya kwanza, na kampuni inawekewa kikomo cha gharama ambacho kikifikiwa inakata yenyewe.

FUNDI MSTAAFU: Kazi nyingine tena ya mwenye jengo. Naomba mzihesabu.

MENEJA WA HOTELI: Nazihesabu. Betri, ratiba ya betri, nywila, kikomo, njia ya pili, kuangalia kizazi cha mtandao. Sasa nisaidie upande wa pili, mzee. Nikikaa na shaba, nani atanitengenezea? Nikipiga kuripoti laini imekufa, nazungushwa. Anakuja kijana mwenye ngazi, sijui kama ni fundi au kishoka, anagusagusa kabineti, simu inapona wiki moja. Mafundi wa rika lako wamestaafu wote.

FUNDI MSTAAFU: Wamestaafu, na hatukurithisha. Wakati wetu tulisukuma hewa kavu ndani ya nyaya kubwa ili maji yasiingie. Presha ikishuka tulijua pametoboka kabla mteja hajajua. Ndiyo, binti, waya ule ulikuwa unajisemea kwetu ingawa haukumwambia mteja. Shaba haikufa kwa uzee, iliuawa kwa kunyimwa matunzo. Na hicho ndicho ninachohofia kwenye faiba. Leo ni mpya, kila mtu anaipenda. Subirini iwe na miaka ishirini, viungio vimejaa vumbi, wachimba barabara wameikata mara mia, na kampuni imeshahamishia macho kwenye kitu kingine.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Hata hivyo anayepitia kipindi cha kunyimwa matunzo sasa hivi ni mteja wa shaba. Angalia Marekani tena, mzee, kwa kuwa unaipenda. Mwaka 2019 wasimamizi wa mawasiliano kule waliziondolea kampuni kubwa wajibu wa kuwakodishia washindani wao nyaya za shaba za sauti kwa bei iliyodhibitiwa, wakatoa kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Kilipokwisha, wenye lifti na kengele waliobaki kwenye shaba walikuta bei ya laini moja imepanda mara kadhaa. Hakuna aliyewafukuza. Walifanywa wachoke. Anayebaki wa mwisho ndiye anayegharimia mtambo mzima.

FUNDI MSTAAFU: Basi hoja iwe kwa wenye mamlaka, isiwe kwa mama peke yake. Uingereza, baada ya matukio mabaya yaliyowapata watu wenye vifaa vya kuitia msaada nyumbani, serikali iliziita kampuni Desemba 2023 na zikaahidi kutomhamisha kwa nguvu mteja wa namna hiyo kabla ya kuthibitisha kifaa chake kinafanya kazi. Na kule msimamizi anataka mteja anayetegemea simu hiyo peke yake apatiwe akiba ya umeme ya angalau saa moja. Kwetu nataka kanuni moja fupi: kampuni isikate waya wa lifti wala wa kengele ya moto hadi mbadala wake umejaribiwa gizani na majibu yameandikwa.

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Na gharama ya hayo majaribio na maandishi itaingizwa kwenye bando langu mimi nisiye na lifti.

FUNDI MSTAAFU: Ghala la mzigo wako lina ghorofa nne, kijana wangu, na chini wanapikia. Siku moshi utakapopanda ngazi, utataka mtu awe ameandika.

MFANYABIASHARA WA KARIAKOO: Nitataka mtu awe amepiga 114. Kwa simu yoyote.

MENEJA WA HOTELI: Jamani, nina mkataba mezani. Laini nane za swichibodi ziende kwenye faiba, hilo limenikaa. Faksi ife. Ya kumi na mbili itafutwe hadi ijulikane ni ya nini. Lakini ya lifti na ya kengele naelekea kuziacha kwenye shaba kwanza, mpaka mwakani.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Yaani umehamisha mazungumzo ya kuagiza chai, ukaacha uhai wa watu kwenye waya ambao umesema mwenyewe unakufa wiki na kupona wiki. Mama, laini hizo mbili ndizo za kuhamisha kwanza. Zitakata bila kukwambia.

FUNDI MSTAAFU: Na kifaa chako kitakata huku kikimwambia. Kinatuma taarifa: betri imechoka, njia ya pili haipo. Kinaituma kwa barua pepe ya mtu aliyeacha kazi mwaka juzi. Mfumo wetu wa hewa kavu ulikuwa na mtu anayelipwa kuangalia kipimo kila asubuhi. Wako nani anakiangalia?

MSHAURI WA MAWASILIANO: Mtu wa hotelini.

MENEJA WA HOTELI: Nani hotelini? Mpokezi? Mlinzi? Nimeusoma mkataba wako mstari kwa mstari. Kuna faiba, kifaa, betri, ufungaji, siku moja ya mafunzo. Mstari wa mtu wa kusoma hizo taarifa kila siku, na kuja usiku zikisema kuna tatizo, sijauona. Uandike, utie sahihi yako chini yake, na lifti naihamisha leo.

MSHAURI WA MAWASILIANO: Nikiuandika, gharama ya kila mwezi itapita ya shaba, na utasema nimekuja kukuibia.

MENEJA WA HOTELI: Uandike kwanza. Kelele za bei tutazipiga baadaye.